Muuaji Akiwa Stelingi: Sinema Zinapoingia Nyumbani kwa Wanazi

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video anaijua sheria ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Maadui watamimina risasi kama mvua, nyumba italipuka, gari litatumbukia korongoni, lakini stelingi atatoka huko na mchubuko mmoja tu shavuni. Sheria ya pili hatuisemi, ila tunaifuata: yeyote ambaye kamera inamfuata tangu mwanzo, huyo ndiye wetu. Akikimbia, miguu yetu inacheza chini ya benchi. Akijificha, tunabana pumzi. Hata akiwa jambazi tunamwombea asikamatwe. Mara ngapi tumemshangilia mtu anayevunja benki, wala hatukujiuliza fedha zile ni za nani?

Sasa, ndugu msomaji, kuna swali. Itakuwaje kamera ikimfuata mtu aliyesimamia mauaji ya watu wapatao milioni moja? Ikaingia nyumbani kwake, ikakaa mezani na watoto wake, ikasikiliza maongezi yake na mkewe kitandani? Huyo naye atakuwa wetu?

Swali hili silitungi kichwani. Maangamizi ya Wayahudi, ambayo dunia imeyapa jina la Holokosti, yaliua Wayahudi wapatao milioni sita mikononi mwa Wanazi wa Ujerumani na washirika wao, wengi wao kati ya mwaka 1941 na 1945. Sinema nyingi zilizotengenezwa juu ya jambo hilo zimesimama upande wa waliouawa, au upande wa wachache waliojaribu kuwaokoa, kama ile maarufu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, Schindler's List. Lakini lipo kundi dogo la sinema lililopitia mlango mwingine. Hizo zinaingia nyumbani kwa muuaji. Zinamtazama akiwa baba, mume, mtu wa kubembeleza mbwa.

Nataka tuzitazame chache, na hoja yangu naiweka mezani mapema ili nisije nikashitakiwa kwa kuzunguka mbuyu. Mwandishi anayechagua kusimulia akiwa nyumbani kwa muuaji hajachagua mbinu tu. Amechagua nani aliliwe. Na wapo waliochagua vibaya, tena kwa nia njema kabisa.

NYUMBA YENYEWE

Nchini Poland, katika mji wa Oświęcim ambao Wajerumani walipouteka waliuita Auschwitz, ipo nyumba moja ya ghorofa. Ni nyumba ya kawaida, ukipita huwezi kugeuka kuitazama mara ya pili. Wakati wa vita aliishi humo Rudolf Höss, mkuu wa kambi, pamoja na mkewe Hedwig na watoto wao. Walikuwa wanne, na wa tano alizaliwa mwaka 1943. Walikuwa na bustani ya maua, kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea na bwawa dogo la watoto kuogelea. Ng'ambo ya ukuta wa bustani ndiko kambi ilikokuwa.

Katika kambi hiyo waliuawa watu wapatao milioni 1.1, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Höss aliiongoza tangu Mei 1940 mpaka Novemba 1943, kisha akahamishiwa ofisi kuu karibu na Berlin. Familia haikuhama. Ilibaki pale pale, kwenye maua yake. Mei 1944 akarudishwa kusimamia mauaji ya Wayahudi wa Hungaria. Katika muda wa majuma manane hivi, watu zaidi ya laki nne waliletwa kwa treni, na wengi wao wakauawa kwa gesi siku ile ile waliyoshuka. Shughuli hiyo ilipewa jina la Höss mwenyewe, kama vile mtu anavyopewa jina la barabara kwa utumishi mwema.

Waingereza walimkamata Machi 1946 huko kaskazini mwa Ujerumani, akijificha shambani kama kibarua kwa jina la Franz Lang. Alitoa ushahidi Nuremberg, akahukumiwa na mahakama ya Poland, akanyongwa tarehe 16 Aprili 1947 ndani ya kambi yake ya zamani, mwendo mfupi tu kutoka nyumba ile. Alipokuwa gerezani aliandika kumbukumbu za maisha yake. Humo anasifia bustani ya mkewe, na anaeleza jinsi wanawe walivyopata kila walichotaka.

Hapo ndipo mwandishi yeyote anapoguna. Mtu huyu hakuwa zimwi la hadithi za bibi, lenye jicho moja na mkia. Alikuwa mtumishi hodari wa serikali, mwenye familia. Ukitaka kumwandika, utaanzia wapi?

MTOTO NA WAYA WA UMEME

Wengi tumeiona, au tumesikia ikisimuliwa, sinema ya mwaka 2008 iitwayo The Boy in the Striped Pyjamas. Iliongozwa na Mark Herman kutokana na kitabu cha John Boyne wa Ireland kilichotoka mwaka 2006. Bruno ni mtoto wa miaka minane, na baba yake ni mkuu wa kambi ya mateso. Mtoto hajui lolote. Anaona watu wamevaa nguo za mistari, anadhani ni wakulima waliovaa nguo za kulalia. Anatoroka, anafika kwenye uzio, anamkuta Shmuel, mtoto wa Kiyahudi wa umri wake, amekaa upande wa pili. Wanakuwa marafiki. Mwishoni Bruno anavaa nguo za mistari, anapita chini ya uzio ili amsaidie mwenzake kumtafuta baba yake, na wote wawili wanasombwa na kuingizwa kwenye chumba cha gesi.

Siwezi kusema sinema hii haigusi. Inagusa, tena sana. Ila tujiulize inagusa wapi. Dakika za mwisho mama yake Bruno anapiga mayowe nje ya uzio, baba anakimbia kama kichaa, na sisi tunalia. Tunamlilia nani? Tunamlilia mtoto wa mkuu wa kambi, kwa kuwa yeye ndiye tuliyekula naye, tukacheza naye, tukahama naye nyumba. Shmuel hatujawahi kuingia kwao. Hatujui mama yake alipikaje, wala alikuwa anaimba wimbo gani. Na wale wengine waliojazana katika chumba kile hata majina hawana. Ni migongo tu. Inaonekana kana kwamba msiba ulitokea kwa kuwa mashine ilikosea ikamchukua mtoto asiyehusika. Je, kama isingekosea?

Halafu kuna historia yenyewe. Watoto zaidi ya laki mbili walipelekwa Auschwitz, wengi mno wakiwa Wayahudi, na walio wengi waliuawa mara tu walipofika, kwa sababu mtoto mdogo hakuwa na kazi ya kufanya pale. Hakukuwa na nafasi ya kukaa kando ya uzio siku nenda rudi ukipiga soga. Uzio ulikuwa na umeme na walinzi wenye bunduki. Hata ule ujinga wa Bruno ni wa mashaka: mtoto wa ofisa Mnazi, katika Ujerumani ya miaka ile, alifundishwa shuleni kuwachukia Wayahudi kama anavyofundishwa kuhesabu. Januari 2020 jumba la kumbukumbu la Auschwitz lilitamka hadharani kwamba kitabu hicho kiepukwe na yeyote anayejifunza au kufundisha historia ya Holokosti.

Wapo watakaosema: bwana, ile ni hadithi tu, mtunzi ana uhuru wake. Kweli anao. Lakini mtunzi akitumia uhuru huo kumfanya kila mtu nyumbani kwa muuaji asijue kitu, mtoto hajui, mama hajui mpaka baadaye, basi mwishoni nyumba nzima imetakaswa, amebaki baba peke yake. Höss mwenyewe, baada ya kukamatwa, alieleza kwamba mkewe alikuja kujua yaliyokuwa yakitendeka. Na aliendelea kukaa.

UKUTA UNA MASIKIO

Kabla ya hapo Wajerumani wenyewe walijaribu njia nyingine. Mwaka 1977 mwongozaji Theodor Kotulla alitoa sinema juu ya maisha ya Höss, akitegemea kitabu cha Mfaransa Robert Merle cha mwaka 1952. Humo mhusika anaitwa Franz Lang, jina lile lile la kujificha, na mwigizaji alikuwa Götz George. Ni sinema kavu, haina machozi wala ngoma za kutisha. Tunaona kijana mtiifu akipanda cheo ngazi kwa ngazi, mpaka utii wenyewe unaanza kututia hofu. Kotulla aligundua kwamba muuaji wa aina hii hahitaji kukunja uso. Anahitaji amri na meza ya kuandikia.

Lakini aliyelipata jibu kamili zaidi, kwa maoni yangu, ni Mwingereza Jonathan Glazer katika The Zone of Interest ya mwaka 2023. Ilianzia kwenye riwaya ya Martin Amis ya mwaka 2014, ila Glazer alichukua kidogo tu, akayaacha majina ya kubuni ya Amis na kurudi kwa watu wa kweli: Rudolf, Hedwig, na watoto wao. Yeye na wenzake walichimba maelezo ya watu waliofanya kazi katika nyumba ile na bustani yake. Nyumba ya sinema ilitengenezwa karibu kabisa na ile ya kweli. Kamera zilifichwa vyumbani, mpaka kumi kwa wakati mmoja, na mafundi wakaondoka wasionekane. Waigizaji, Christian Friedel na Sandra Hüller, wakaachwa waishi: wafunge milango, wazime taa, wagombane kuhusu uhamisho.

Tazama alichokifanya. Kamera haimsogelei mtu. Huoni ule uso mkubwa wenye chozi linalotiririka, ambao ndio unaotufunga kamba kwa stelingi. Tunawatazama kwa mbali, kama unavyomtazama jirani kupitia dirishani. Tumo ndani ya nyumba yao, lakini hatujaingia mioyoni mwao. Sheria ya pili ya kibanda cha video imevunjwa.

Na ng'ambo ya ukuta? Hatuvushwi. Mara moja tu Höss anaonekana akiwa kambini, na hata hapo tunaonyeshwa uso wake na moshi. Hakuna maiti. Hakuna mwigizaji aliyekondeshwa kwa njaa. Badala yake tunasikia. Mlio wa bunduki wakati mama anaonyesha maua. Mbwa. Amri. Mtu anapiga yowe, kisha ananyamaza. Chini ya vyote hivyo kuna mngurumo usiokoma wa matanuri. Fundi wa sauti, Johnnie Burn, alikusanya kwanza kitabu cha kurasa 600 hivi juu ya sauti zilizokuwa zikisikika pale na umbali wake, ndipo akaanza kazi. Mwaka 2024 sinema hiyo ilipata Oscar ya sauti, pamoja na ile ya sinema bora ya kimataifa. Waswahili tunasema ukuta una masikio. Katika nyumba hii ukuta una masikio na una mdomo pia, ila wenye nyumba ndio wamejifanya viziwi.

Mambo madogo madogo ndiyo yanayotia baridi. Hedwig anapokea koti la manyoya lililotoka kambini, analijaribu mbele ya kioo, anakuta rangi ya midomo mfukoni, anajipaka. Mwenye rangi yuko wapi? Haulizi. Mtoto wa kiume anachezea meno ya dhahabu kitandani. Kaka anamfungia mdogo wake kwenye kibanda cha vioo na kutoa mlio kama wa gesi. Hedwig akimkasirikia hausigeli wa Kipoland, anamwambia, tena bila kuinua sauti, kwamba mumewe anaweza kuyatawanya majivu yake mashambani. Hapo ndugu msomaji utaona tofauti na mama yake Bruno. Huyu anajua. Anajua mpaka ametengeneza kitisho cha jikoni kutokana na yale anayoyajua.

Mama mzazi wa Hedwig anakuja kutembea. Anakumbuka alivyokuwa akifanya usafi kwa mama mmoja wa Kiyahudi, anajiuliza kama naye sasa yuko ng'ambo ya ukuta, kisha anasikitika kwamba vitu vya yule mama viliponadiwa yeye aliyakosa mapazia. Mapazia! Usiku anaamka, anaona mwanga mwekundu wa matanuri kwenye dirisha, na kabla ya asubuhi ameondoka bila kuaga, ameacha barua. Hedwig anaisoma na kuitia motoni. Hatuambiwi barua ilisema nini. Mtunzi mchanga angetusomea barua yote kwa sauti ya huzuni. Glazer anaiacha iungue.

Katikati ya giza hilo kuna msichana wa Kipoland anayetoka usiku kuficha matunda mahali wafungwa watakapofanyia kazi. Glazer hakumtunga. Alimkuta bibi kizee aliyefanya hivyo kweli alipokuwa binti mdogo. Lakini ona hata hapo anavyokataa kutubembeleza: baadaye dirishani tunasikia mfungwa akiadhibiwa kwa sababu ya kugombania tofaa. Mtoto mdogo wa Höss anasikia, anarudi kwenye vitu vyake vya kuchezea na kunong'ona maneno ya kumkanya yule mfungwa asirudie tena. Mtoto wa miaka mitano sita ameshajifunza kuongea kama baba. Bruno angejifunza hivyo hivyo.

MTOTO WA NYOKA

Sasa tufike kwenye methali tunayoipenda mno: mtoto wa nyoka ni nyoka. Je, ni kweli? Sinema nyingine zimekwenda kuwatafuta watoto hao wakiwa watu wazima.

Music Box ya Costa-Gavras, ya mwaka 1989, inamweka mbele yetu mwanasheria wa Chicago, ambaye mwigizaji wake ni Jessica Lange. Baba yake, mhamiaji kutoka Hungaria, anashitakiwa kwamba wakati wa vita alitesa na kuua Wayahudi. Binti anamtetea mahakamani kwa nguvu zote, kwa kuwa baba huyu ndiye aliyemlea, na ndiye anayecheza na mjukuu wake. Kesi inashinda. Kisha ndani ya kisanduku cha muziki anakuta picha za baba yake akiwa katika unyama ule. Utamu wa sinema hii, kwa maana ya uchungu wake, ni kwamba upendo wa binti haukuwa wa uongo. Baba alikuwa mwema kwake, kweli kabisa. Na kweli hiyo haimsaidii mtu yeyote aliyeuawa.

Waandishi wenzangu, sikieni na hili. Aliyeiandika ni Joe Eszterhas, mzaliwa wa Hungaria. Muda si mrefu baada ya kuiandika, akiwa na umri wa miaka 45 hivi, aligundua kwamba baba yake mzazi alikuwa ameficha maisha yake ya vita huko Hungaria na maandishi yake ya chuki dhidi ya Wayahudi. Kalamu ilikuwa imemtangulia mwenyewe nyumbani.

Kuna pia sinema za hali halisi, zisizo na waigizaji. Katika Inheritance ya mwaka 2006, Monika Hertwig, binti wa Amon Göth aliyekuwa mkuu wa kambi ya Płaszów, anakutana na Helen Jonas, Myahudi ambaye Göth alimfanya mtumwa katika nyumba yake. Huyu anatafuta baba, yule anakumbuka kipigo. Katika What Our Fathers Did ya mwaka 2015, mwanasheria Philippe Sands, ambaye ndugu za babu yake waliangamizwa, anasafiri na wazee wawili. Niklas Frank ni mtoto wa Hans Frank, gavana wa Poland iliyotekwa, aliyenyongwa mwaka 1946. Yeye anamlaani baba yake waziwazi. Horst von Wächter, mtoto wa gavana wa Galicia, anaonyeshwa karatasi, anasimamishwa kwenye uwanja ambapo maelfu walizikwa, na bado anasema baba yake alikuwa mtu mzuri. Nyoka wale wale, watoto tofauti.

Na mwaka 2024, katika The Commandant's Shadow, tunamwona Hans-Jürgen Höss, yule mtoto wa bustani mwenyewe, sasa mzee wa miaka 87. Anakumbuka utoto mtamu. Kisha anapelekwa ng'ambo ya ukuta, na baadaye anaketi sebuleni London kwa Anita Lasker-Wallfisch, aliyenusurika Auschwitz kwa sababu alijua kupiga ala ya muziki na kambi ilitaka bendi. Wanaongea. Hakuna anayelia kwa kelele. Ukiitazama baada ya ile ya Glazer, unatambua kwamba utoto mtamu wa mtu mmoja ulijengwa kwa mbao zilizong'olewa kwenye utoto wa wengine.

Kwa hiyo methali yetu inahitaji kurekebishwa. Mtoto wa nyoka hazaliwi nyoka. Anazaliwa na swali, na sinema nzuri ni ile inayomwacha alijibu mbele yetu, bila kumsaidia.

JE, TUSINGENYAMAZA TU?

Wapo wanaosema nyumba ya muuaji isiingiwe kabisa. Mfaransa Claude Lanzmann alitumia miaka mingi kutengeneza Shoah, iliyotoka mwaka 1985, sinema ya zaidi ya saa tisa isiyo na picha hata moja ya zamani. Ni mashahidi tu wanaongea, na mahali penyewe palivyo sasa. Aliamini kuigiza maangamizi yale ni kuyapunguza. Lakini hata Lanzmann hakuwakwepa wauaji. Alimrekodi askari wa zamani wa Treblinka kwa kamera ya kuficha. Alichokataa ni kumpamba muuaji, kumvika nafsi ya hadithi ili tumwonee huruma.

Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali yote. Tukimwacha muuaji nje ya hadithi zetu, tutamgeuza zimwi, na zimwi halina faida, maana hakuna anayejiona zimwi akijitazama kwenye kioo. Hedwig alijiona mama wa nyumbani mwenye bidii.

Na mtu asidhani nyumba ile haituhusu. Katika kumbukumbu alizoandika gerezani, Höss anasimulia kwamba baba yake alipata kutumikia jeshi Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, yaani huku kwetu. Akiwa mtoto alikuwa akimsikiliza kwa hamu baba akieleza vita dhidi ya wenyeji waasi, na ibada zao alizoziita za giza. Kijana akatamani siku moja awe mmisionari Afrika. Sisemi kwamba hadithi zile ndizo zilizojenga matanuri, historia haiendi kwa njia nyepesi hivyo. Nasema hivi: katika sebule ile ya Ujerumani, kabla ya Hitler kusikika, watu wetu walikuwa tayari ng'ambo ya ukuta. Walikuwa kelele za mbali katika hadithi ya baba. Hakuna aliyemuuliza mzee wale waasi walikuwa wakitetea nini.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, mbele ya wajukuu wa Songea Mbano, chifu aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Hapo pana riwaya, vijana wenzangu, na si moja. Mwingine ataiandika kutoka kwa mjukuu wa chifu. Mwingine atapata kishawishi cha kuiandika kutoka barazani kwa ofisa wa Kijerumani, mkewe akimwagilia waridi huku mahabusu wakipelekwa kunyongwa. Simkatazi. Ila kabla hajaandika ukurasa wa kwanza ajipime kwa maswali matatu. Msomaji atasikia nini kutoka ng'ambo ya ukuta? Waliouawa wana majina, au ni migongo tu? Na mwisho wa hadithi, machozi yatamwangukia nani?

Akiweza kuyajibu, alete mswada. Tutausoma.